Kabla ya Kufungua Mtungi wa Chujio la Bwawa

Jirani yetu mpya hapa Mbweni, kaskazini mwa Dar es Salaam, amehamia kwenye nyumba yenye bwawa dogo la kuogelea. Jumapili iliyopita alikuja getini kwangu akiwa na spana mkononi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Ahsante. Nimeambiwa chujio lenu mnalisafisha wenyewe. La kwangu maji yanatoka kwa unyonge, nikaona nilifungue. Nati ni moja tu, haionekani kuwa kazi kubwa.”

Nilimwomba aiweke spana chini tunywe chai kwanza, kisha tukaenda wote kuutazama huo mtungi. Ni mtungi wa plastiki ngumu unaonifika kifuani, wenye vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyokutanishwa katikati na kubanwa kwa mkanda wa chuma kisichoshika kutu. Ndani yake zimo katriji, yaani yale mapipa membamba ya kitambaa kilichokunjwakunjwa ambayo hunasa uchafu. Juu kuna geji ya kupimia mgandamizo na koki ndogo ya kutolea hewa. Ubavuni imebandikwa karatasi ya onyo ambayo jua limeyafuta maandishi yake yote, ikabaki alama ya pembetatu peke yake. Na ni kweli kwamba mkanda ule hufungwa kwa nati moja. Niliyomweleza siku ile nayaandika hapa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa najua wako wengi wenye mtungi kama huo nyuma ya nyumba na hawajawahi kuelezwa ni kitu cha namna gani.

Nilifundisha Fizikia kwa miaka mingi, na hesabu yenyewe ni nyepesi: mgandamizo ukizidishwa kwa eneo hutoa kani. Mtungi wa jirani una kipenyo cha sentimita 50 hivi, kwa hiyo eneo la kifuniko chake ni takriban sentimita za mraba 1,960. Pampu ya nyumbani inapofanya kazi, geji kwa kawaida husoma kati ya baa 0.7 na 1.4. Tuchukue baa 1, ambayo ni sawa na pauni 14.5 kwa inchi ya mraba kwa wale ambao geji zao zimeandikwa hivyo. Kwa mgandamizo huo kila sentimita ya mraba husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo moja na kidogo, na kifuniko kizima husukumwa kwenda juu kwa nguvu ya tani mbili, uzito unaokaribia ule wa Hiace isiyo na abiria. Mkanda wenye nati moja ndio unaoizuia nguvu hiyo saa zote ambazo pampu inazunguka. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2014 kuhusu vifaa vya mgandamizo, huanza kukihesabu kifaa kuwa cha aina hiyo pale mgandamizo wake unapozidi baa 0.5. Hapa kwetu mitungi ya mgandamizo ya viwandani hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Mtungi ulio nyuma ya jiko la mtu hauna mkaguzi ila mwenye nyumba.

Lakini hiyo baa 1 angalau huonekana kwenye geji. Kinachonisumbua zaidi ni kile kiasi kidogo kinachobaki wakati mshale umelala karibu kabisa na sifuri, ambapo jicho la kawaida haliwezi kutofautisha sifuri na baa 0.1. Sehemu hiyo moja ya kumi, kwenye kifuniko cha ukubwa ule, ni kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji inayosubiri nati ilegee huku uso wa mtu umeinama juu yake.

Sisi tulianza na chujio la mchanga, kama nyumba nyingi za huku. Tuliliacha kwa sababu ya maji. Kila tulipoliosha kwa kugeuza mkondo, kazi ambayo mafundi huiita bakwoshi, mamia ya lita yalikwenda mtaroni, na katika miezi ambayo bomba la mtaa halitoi maji tulikuwa tukilijaza bwawa kwa boza la kununua. Katriji huoshwa kwa mpira wa bustani na kurudishwa, basi. Tuliokoa maji, ila hatukutambua mapema ni nini tulichokitoa badala yake: chujio la mchanga huoshwa bila kufunguliwa, kwa kugeuza mpini wa vali tu, ilhali la katriji halina budi kufunguliwa kila linapochafuka. Kwa hiyo mkanda ule, ambao kwenye mtungi wa mchanga ungeguswa mara moja kwa miaka kadhaa, kwetu unafunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa mwaka, na kila mara ni nafasi mpya ya kukosea.

Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi asubuhi, umeme ulikatika pampu ikiwa inafanya kazi. Kijana anayetusaidia kazi za nje aliona kuwa huo ndio wasaa wa kuosha katriji, maadamu pampu imekwisha kuzimika. Hakuna aliyegusa swichi. Ilibaki imewashwa vilevile. Alifungua koki ya hewa, kwa sababu fundi aliyetufungia mtungi alikuwa amemsisitizia hilo, kisha akaanza kulegeza nati. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na ndoo. Nati ilikuwa imezunguka mara nne au tano hivi umeme uliporudi. Pampu iliunguruma, koki ya hewa ikapiga mluzi, na baada ya sekunde chache maji yakachomoka pale vipande viwili vinapokutana, mapana na membamba kama upanga, yakaupiga ukuta wa pili na kuturudia usoni. Swichi ilikuwa ukutani, juu ya mtungi wenyewe. Ili kuizima pampu ilinilazimu kunyoosha mkono juu ya kifuniko kilekile kilichokuwa kikitaka kuruka, na nilifanya hivyo kwa kuwa kijana alikuwa ameanguka chini karibu yake na sikuona njia nyingine. Alichubuka kiganja na kiwiko. Lau koki ya hewa ingekuwa imefungwa, au nati ingekuwa imezunguka mara chache zaidi, leo nisingekuwa naandika habari ya mchubuko.

Tangu siku ile siamini ukimya wa pampu. Pampu inaweza kunyamaza kwa sababu umeme umekatika, kwa sababu saa yake ya kujiwasha imefika muda wa mapumziko, au kwa sababu imepata joto na kujizima ili ipoe, na katika hali zote tatu itaamka yenyewe bila kumwuliza mtu. Wiki iliyofuata fundi umeme aliihamisha swichi akaiweka nje ya chumba, mita nne kutoka kwenye mtungi, na kwenye boksi kuu la umeme akatufungia breka yenye tundu la kutia kufuli. Anayekwenda kufungua mtungi huzima breka, hutia kufuli, na ufunguo huuweka mfukoni mwake mwenyewe. Hauachwi mezani, wala hapewi mtu mwingine amshikie.

Umeme ukishafungiwa hivyo, bado mtungi una mgandamizo wake. Koki ya hewa ifunguliwe yote, si nusu, na mtu asubiri. Kwanza itatoka hewa kwa mluzi, pengine na maji, kisha mluzi utafifia. Geji itazamwe, ila isiaminiwe peke yake. Ya jirani tuliikuta inasoma 0.8 wakati pampu imezimwa tangu asubuhi na koki iko wazi. Niliigonga kwa ukucha na mshale haukutikisika, kwa maana utumbo wake ulikwishaliwa na chumvi ya upepo wa baharini. Iliyokwama kwenye 0.8 angalau humfanya mtu ashtuke. Iliyokwama kwenye sifuri humwambia kwamba mambo ni salama siku zote, hata wakati tani mbili zimo ndani. Geji mpya ni moja ya vitu vya bei ndogo kabisa katika chumba kile, na mimi huibadilisha mara tu ninapoona haishuki hadi sifuri pampu inapozimwa au haipandi pampu inapowashwa.

Kwa jirani kulikuwa na jambo jingine ambalo kwangu halipo. Chumba chake cha pampu kimechimbwa chini ya usawa wa bwawa, na kifuniko cha mtungi kiko mita moja hivi chini ya uso wa maji. Kila mita moja ya kina cha maji hutoa karibu baa 0.1. Maana yake ni kwamba hata pampu ikiondolewa kabisa na kupelekwa gereji, bwawa lenyewe linaendelea kukisukuma kifuniko kwa ile mifuko minne ya saruji. Penye hali kama hiyo, vali za pande zote mbili, ile ya maji yanayoingia na ile ya yanayorudi bwawani, hufungwa baada ya pampu kuzimwa, kisha kizibo kilicho chini ya mtungi hufunguliwa ili maji yatoke. Maji yakiacha kumwagika huku koki ya juu ikiwa wazi, hapo ndipo nati iguswe. Nilimwambia jirani yangu ayachore mabomba yote ya chumba kile kwenye karatasi kabla ya kugusa lolote, ajue ni vali ipi inafunga nini, maana wakati wa dharura si wakati wa kufuatilia bomba kwa kidole.

Kuosha katriji ni kazi ya kawaida na sina mengi ya kusema juu yake. Hatari ya pili hukaa kwenye kufunga, na naiogopa kuliko ya kwanza, kwa sababu mtu huwa amechoka na anahisi kazi imekwisha.

Mtungi ukifunguliwa hujaa hewa. Maji hayabanwi kwa urahisi. Yakipata upenyo hata mdogo, mgandamizo wake hushuka mara moja. Hewa hubanwa kama springi. Kwa kanuni iliyochapishwa na Robert Boyle mwaka 1662, hewa iliyofungiwa na kusukumwa hadi geji isome baa 1 hupungua ikawa nusu ya ujazo wake, na nguvu zilizotumika kuibana huhifadhiwa ndani yake. Aliyewahi kusikia tairi la lori likipasuka anajua springi hiyo inavyojikunjua. Mkanda ukiwa haujakaa sawasawa huku hewa imefungiwa kichwani mwa mtungi, kifuniko hakivuji tu, hurushwa, na kinaweza kumwua mtu aliyeinama juu yake au kumvunja taya na fuvu.

Kwa sababu hiyo mpira wa duara unaokaa kati ya vipande viwili, oringi, hufutwa kwa kitambaa safi na kukaguliwa kwa vidole mzunguko mzima, pamoja na mfereji wake, kwani chembe moja ya mchanga huweza kukinyanyua kifuniko upande mmoja. Hupakwa grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini, ambayo watu wengi huyatumia kwa kuwa yapo nyumbani, yametokana na mafuta ghafi ya petroli na huuharibu mpira wa aina nyingi. Kisha mkanda huvishwa, na wakati nati inakazwa, mtu hugongagonga mkanda kwa nyundo ya mpira kuuzunguka wote ili ujikalishe sawa. Nati itakubali kukazwa zaidi kila baada ya mzunguko wa kugonga, na hiyo ni dalili kuwa ulikuwa haujakaa. Mikanda mingine ina springi kwenye bolti, na hiyo hukazwa mpaka mizunguko ya springi igusane. Kila mtengenezaji ana kipimo chake na kitabu chake, na aliyekipoteza kitabu akiombe kwa muuzaji kabla ya kukisia.

Vali zote hufunguliwa tena. Hili limewahi kusahaulika kwetu: pampu ikisukuma maji dhidi ya vali iliyofungwa, mgandamizo hupanda hadi mwisho wa uwezo wa pampu, na mtungi ndio unaobeba. Koki ya hewa huachwa wazi kabisa. Watu na watoto huondoka chumbani, na anayewasha husimama mbali, mita tatu au zaidi. Pampu ikianza, koki itatema hewa, kisha maji yenye mapovu, kisha maji matupu yanayotoka kwa mfululizo. Kwangu kumefungwa mpira mwembamba kwenye koki hiyo unaotoka hadi nje ya mlango, ili niyaone maji yakija bila kuingia. Yakitoka bila mapovu kwa nusu dakika hivi, huzima pampu, huingia nikaifunga koki, na huiwasha tena nikiwa nje.

Na kama mkanda unavuja baada ya kuwashwa? Hapa ndipo mkono wa mtu mwenye bidii humponza. Tone moja likionekana, kila aliye na spana hutaka kuikaza nati kidogo. Mkanda usiguswe kamwe mtungi ukiwa na mgandamizo, si kwa kukaza wala kwa kulegeza. Kuvuja ni ushahidi kwamba kuna kitu kimekaa vibaya, na kukigusa kilichokaa vibaya huku tani mbili zikikisukuma ni kukisaidia kiruke. Kazi yote huanza upya: breka, kufuli, koki, kusubiri. Ni nusu saa nyingine ya jua, nayo ni lazima itumike. Mwenye chujio la mchanga naye ana katazo la ukoo huohuo: ule mpini wa vali ya njia sita haugeuzwi pampu ikiwa inazunguka, maana kwa sekunde ile ya kugeuza njia zote hubanwa na pigo zima humwangukia mtungi na shingo ya vali.

Kuna fundi alitujia mwaka mmoja na kompresa ya kujazia matairi, akitaka kuzibua bomba la kurudisha maji kwa upepo. Nilimshukuru na kumkatalia. “Mama, hii ni dakika moja tu,” aliniambia, na nina hakika alikuwa ameshaifanya kazi hiyo sehemu nyingi bila dhara. Kompresa ile huhifadhi upepo wa baa 8 na zaidi. Mitungi mingi ya mabwawa ya nyumbani imeundwa isizidi baa 3.5, tena ya maji. Kupuliza upepo kwenye mabomba yaliyoungana na mtungi, au kuupima mtungi kwa upepo ili kutafuta panapovuja, ni kutengeneza bomu kwa mikono, na vitabu vya watengenezaji hulikataza jambo hilo waziwazi.

Vilevile siafiki kuziba mtungi uliopasuka kwa gundi au kuupaka faiba juu ya ufa, wala kuibadilisha bolti ya mkanda kwa bolti yoyote inayofanana nayo kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Huku pwani jua huikausha plastiki na chumvi hula chuma, hata kile kiitwacho kisichoshika kutu. Mwezi Mei 1985, katika mji wa Uster huko Uswisi, dari ya zege iliyokuwa juu ya bwawa la ndani ilianguka na kuua watu 12. Ilikuwa imening'inizwa kwa fito za chuma kisichoshika kutu, na uchunguzi ulionesha kwamba klorini iliyokuwa hewani ilizipasua kidogo kidogo. Tangu nilisome hilo sihifadhi klorini katika chumba cha mtungi. Ndoo zake zina banda lao lenye hewa, vidonge mbali na unga, kwani aina hizo mbili zikikutana zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Na tindikali ya kuondolea magadi kwenye katriji haikai karibu na hata moja, maana ikichanganyika na klorini hutoa gesi yenye sumu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikiufuta mkanda wetu kwa kitambaa cheupe kabla ya kuufunga, na uzi wa kitambaa ukanasa karibu na jicho la bolti. Nilimulika kwa tochi ya simu nikaona mstari mwembamba kama unywele, wenye urefu wa ukucha, ukielekea ukingoni. Nimeagiza mkanda mpya kwa namba ya mtungi wenyewe, na muuzaji amesema utachukua majuma matatu. Jirani naye amekubali kusubiri geji mpya, na siku ya kufungua wa kwake nitakuwapo. Wajukuu wanaliulizia bwawa kila jioni na maji yameanza kugeuka rangi. Kijana anayatia klorini kwa mkono na kuyakoroga kwa brashi ndefu ili mbu wasipate pa kuzaliana, breka iko chini ya kufuli, na ufunguo ninao mimi.